Kinachokataliwa Langoni: Dhana ya Mlinda Lango na Maji ya Mwamkulu

Dhana ya mlinda lango imesambaa katika taaluma nyingi kiasi kwamba mwanahabari, daktari, mwanahistoria, mhandisi wa umwagiliaji na mtafiti wa saratani wanaweza kuitumia katika ukumbi mmoja pasipo hata mmoja wao kumaanisha kile anachomaanisha mwenzake. Waandishi wengi hujaribu kuliondoa tatizo hilo kwa fasili pana: mlinda lango ni mtu au taasisi inayoamua nini kipite na nini kisipite. Fasili hiyo haina kosa, ila haifiki mbali, kwa sababu inamweka mhariri wa gazeti, mgawa maji wa mfereji na mganga wa zahanati katika kundi moja na kufunika tofauti iliyo nzito kuliko zote, yaani hatima ya kile kilichozuiwa. Makala haya yanatetea hoja kwamba mlinda lango hufahamika vizuri zaidi kwa kuuliza kinachokataliwa kinakwenda wapi kuliko kwa kuuliza anayekataa ni nani, na kwamba mahali pafaapo kuijaribu hoja hiyo ni kwenye mfereji halisi wenye mageti halisi, kama ule wa skimu ya umwagiliaji ya Mwamkulu, katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi.

Katika taaluma, dhana hii ilianzia jikoni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani ilitaka raia wake wale maini, figo na mioyo ya wanyama, vyakula ambavyo kaya nyingi zilividharau, ili nyama nyingine iende kwa wanajeshi. Mwanasaikolojia Kurt Lewin, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alifanya utafiti katika jimbo la Iowa na kuuchapisha mwaka 1943. Alionesha kwamba chakula hufika mezani kupitia mikondo, kama vile duka au bustani ya nyumbani, na kwamba kila mkondo una hatua zenye malango yanayotawaliwa ama na kanuni zisizotegemea mtu ama na mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Kwa kuwa katika kaya alizozichunguza mama wa nyumbani ndiye aliyeamua nini kinunuliwe na nini kipikwe, kampeni ya kuwashawishi watu wote walao isingekuwa na faida kubwa kama isingemfikia yeye. Katika andiko jingine lililochapishwa mwaka 1947, mwaka aliofariki, Lewin alidokeza kwamba habari nazo husafiri hivyohivyo.

Kuna sehemu ya nadharia hiyo ambayo warithi wake wameitumia kidogo mno. Lewin aliona kwamba nguvu moja hubadili mwelekeo mara kitu kinapovuka lango: bei kubwa ya nyama humzuia mama asiinunue, lakini akishainunua, bei ileile humsukuma ahakikishe haiharibiki hata chembe. Lango, kwa mtazamo huo, hugeuza pia masilahi ya waliomo upande huu na upande ule.

David Manning White ndiye aliyeipeleka dhana hii katika chumba cha habari. Mwaka 1949 alimwomba mhariri mmoja wa gazeti la mji wa kati nchini Marekani, aliyempa jina la kubuni la Bwana Gates, atunze habari zote za mashirika ya habari alizozikataa kwa juma moja na kuandika sababu ya kukataa kila moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1950 yalionesha kwamba takriban sehemu tisa kati ya kumi za habari zote alizopokea kutoka mashirika hayo ziliishia kapuni, na kwamba sababu nyingi zilitokana na hukumu ya mhariri mwenyewe. Utafiti huo umesifiwa na kukosolewa sana, hasa kwa kumkuza mtu mmoja na kuisahau taasisi inayomwajiri. Linalohusika hapa ni jambo jingine: habari iliyokataliwa na Bwana Gates ilitoweka. Msomaji wa gazeti lake hakuweza kulalamika kwa kunyimwa habari ambayo hakujua kwamba ipo. Vivyo hivyo, msikilizaji wa redio mjini Mpanda hupokea taarifa iliyokwisha chujwa na hana njia ya kuona kilichobaki kwenye chujio. Lango la habari hulindwa kwanza na kutoonekana kwake.

Lango la maji halina kinga hiyo. Mwamkulu ni kata ya wakulima wa mpunga katika bonde la Mto Katuma, ambao maji yake hushuka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hulisha mabwawa na mbuga za maziwa ya Katavi na Chada, kisha huendelea kupitia Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Skimu za aina hii nchini huwa na banio, yaani kizuio kinachoinua kina cha mto ili maji yaingie kwenye mfereji mkuu. Kutoka hapo maji hupita katika mifereji ya pili na ya tatu, kila njia panda ikiwa na geti, mpaka yafike kwenye majaruba. Wakulima hupangiwa zamu na chama chao cha umwagiliaji, na mgawa maji hufungua na kufunga kwa mujibu wa zamu hizo. Yeye ni mlinda lango kwa maana ambayo hata Lewin hakuifikiria, maana mkononi mwake mna chuma na mbele yake mna maji.

Maji yanayozuiwa kwenye geti hilo hayatoweki kama habari ya Bwana Gates. Hubaki katika mfereji mkuu yakaenda kwa jirani, hufurika kwenye shamba lisilo na zamu, au hurudi mtoni. Kila kukataa ni kumpa mwingine, na mwingine huyo ana jina, ana shamba, na jaruba lake linaonekana kwa macho likiwa limejaa wakati la mwenzake limepasuka nyufa. Ndiyo maana migogoro ya mifereji ni mikali kuliko migogoro ya magazeti: aliyenyimwa anamwona aliyepewa. Kanuni ya Lewin ya nguvu kugeuka nayo inajidhihirisha hapa wazi kuliko jikoni. Kabla ya kupandikiza, uhaba wa maji humshauri mkulima apunguze eneo au asubiri mvua za Novemba. Akishapandikiza miche na kulipa vibarua, uhaba uleule humtoa kitandani usiku akafungue geti lisilo la zamu yake. Anayemwita mkulima huyo mwizi bila kuuliza aliingia msimu kwa ahadi gani ya maji anaanza hadithi katikati.

Juu ya mgawa maji kuna malango mengine yasiyo na chuma. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 humtaka anayechepusha maji ya mto awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde, na kwa Katuma mamlaka hiyo ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa; Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 nayo iliunda Tume ya Taifa ya Umwagiliaji ya kusimamia skimu zenyewe. Kwa hiyo mkulima wa mkiani, yaani mwisho wa mfereji, anaweza kumlaumu mgawa maji kwa ukame ulioamuliwa kilomita nyingi juu yake, mahali ambapo mtu mwingine amejenga banio bila kibali. Watafiti wa ikolojia ya Katavi wamekwisha kuonesha kwamba uchepushaji wa maji juu ya hifadhi ni miongoni mwa sababu za Katuma kukauka mapema kiangazi na viboko kurundikana katika vidimbwi vya matope. Kiboko ndiye mtumiaji wa mwisho wa mfereji mrefu kuliko wote, na hana mjumbe katika kikao cha zamu.

Katika tiba maana inabadilika tena. Uingereza, tangu kuanzishwa kwa huduma yake ya taifa ya afya mwaka 1948, kwa kawaida mgonjwa hamfikii bingwa mpaka daktari wa kawaida aliyemsajili amwandikie, na wachumi wa afya humwita daktari huyo mlinda lango kwa kuwa hupunguza gharama za hospitali kubwa. Tanzania ina ngazi za zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda na hospitali ya taifa, na mgonjwa wa Mwamkulu mwenye maradhi mazito huweza kupandishwa kutoka zahanati hadi Mpanda na kutoka Mpanda hadi Mbeya. Anayekataliwa katika lango hili hatoweki, wala nafasi yake haihamii kwa jirani anayejulikana. Hurudishwa ngazi ya chini, au huiruka ngazi kwa gharama yake mwenyewe, au hukaa nyumbani. Hilo la mwisho ndilo takwimu za hospitali haziwezi kulionesha, kwa sababu hospitali humhesabu aliyefika. Tena katika mkoa ulio mbali na hospitali ya kanda, nauli ni mlinda lango mwenye nguvu kuliko daktari yeyote.

Watafiti wa sayansi ya jamii nao hulitumia jina la mlinda lango kwa anayetawala njia ya kuwafikia watu. Mtafiti kutoka nje anayetaka kuhoji wakulima wa Mwamkulu huanzia kwenye kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, kisha barua yake hushuka mkoa, wilaya na halmashauri hadi kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa eneo. Vitabu vya mbinu za utafiti humweleza mwenyekiti kama kikwazo cha kuvukwa kwa heshima na subira. Mtazamo huo ni wa upande mmoja. Mtafiti akikataliwa, maarifa aliyoyataka hubaki kwa wenyewe, na aliyepoteza ni yule aliyekuja kuchukua; ila mwenyekiti anayewachagulia wageni watu wa kuhojiwa, akiwapeleka kila mara kwa wakulima wa karibu na banio, hufanya kazi ya Bwana Gates bila kuacha kapu nyuma yake.

Wanahistoria wameikuza dhana hii mpaka ikaenea dola nzima. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu Afrika tangu 1940, alieleza kwamba dola za kikoloni na zile zilizozirithi zilikuwa na nguvu hasa pale nchi inapokutana na dunia ya nje: ushuru wa forodha, leseni, fedha za kigeni, misaada. Mpanda yenyewe ni ushahidi mzuri. Reli ya tawi ya takriban kilomita 210 kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, uchimbaji mkubwa ukakoma mwaka 1960, na mji ukabaki na reli iliyochorwa kwa mahitaji ya kusafirisha nje kabla ya mahitaji ya wakazi. Hata hivyo, dola inayoketi langoni hutegemea kinachopita, na kisipopita kitu nayo hudhoofika. Mhariri wa gazeti hana hofu ya namna hiyo.

Yako matumizi mengine ambayo yanahitaji maneno machache tu. Mwaka 1997 Kenneth Kinzler na Bert Vogelstein waliziita walinda lango zile jeni zinazodhibiti moja kwa moja ukuaji wa seli, ambazo zikiharibika uvimbe huanza. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2022, umelitumia jina hilo kwa kampuni kubwa za kidijitali na kuzibebesha wajibu maalumu, na mwaka 2023 zikatajwa sita za kwanza, zikiwemo Apple na Amazon. Katika kuzuia kujiua, mlinda lango ni mwalimu, kiongozi wa dini au jirani aliyefunzwa kutambua dalili za hatari na kumfikisha mtu kwenye msaada: huyu kazi yake ni kufungua, na kosa lake ni kumwacha mtu apite bila kumsimamisha.

Ukiyatazama yote hayo kwa swali moja la hatima ya kilichozuiwa, hukumu kuhusu uhalali wa malango nayo hubadilika. Lango linalohamisha, kama la mgawa maji, lina wakaguzi wa asili kwa kuwa majirani huona. Linahitaji zamu iliyoandikwa na kubandikwa, na mahali pa kupeleka shauri. Lango linalofuta, kama la mhariri, halina mkaguzi wa asili, hivyo nia njema ya mlinzi haitoshi na kumbukumbu za kilichokataliwa ni za lazima. Lango linalorudisha, kama la rufaa, halipimwi kwa hesabu za waliofika. Kuyapima yote kwa kipimo kimoja cha uwazi, kama yafanyavyo maandiko mengi ya utawala bora, ni kumsumbua mgawa maji ambaye tayari anaonwa na kumwachia anayetoa vibali vya mtoni ambaye haonwi na mkulima yeyote. Anayekusudia kuchunguza ulinzi wa lango katika bonde la Katuma hana budi kuanzia mkiani mwa mfereji, kwa waliokosa maji, kisha apande kuelekea kwenye banio, na hatimaye kwenye ofisi zinazotoa vibali vya mto; akianzia juu ataonyeshwa mageti yanayofunguka.