Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua miksa ndogo ya sauti

ZAMANI, mwanamuziki chipukizi aliyetaka kurekodi wimbo jijini Nairobi hakuwa na budi kubisha hodi katika studio, nyingi zikiwa eneo la River Road. Siku hizi, kompyuta, maikrofoni na miksa ndogo inayotoshea juu ya meza vyaweza kugeuza chumba cha nyumbani kuwa studio. Miksa iyo hiyo hubebwa Jumamosi hadi arusini na Jumapili ikatumiwa kanisani.

Hata hivyo, ununuzi wa mashine hii ya kuchanganyia sauti umewatia wengi hasara. Kikundi huchanga pesa kwa miezi kadhaa, kikanunua miksa iliyoandikwa kuwa na chaneli 10 au 12, kisha siku ya onyesho kikatambua kuwa baadhi ya waimbaji hawana pa kuchomeka maikrofoni zao. Aghalabu kosa huwa si la mashine, bali la hesabu.

Kazi ya miksa ni kupokea sauti kutoka kwa maikrofoni na ala mbalimbali, kuwezesha kila moja kuongezwa, kupunguzwa au kurekebishwa peke yake, kisha kuziunganisha zote na kuzipeleka kwenye spika au kompyuta. Kwa hivyo, jambo la kwanza ni kuhesabu sauti zitakazoingia, wala si kutazama nambari iliyoandikwa kwenye mashine.

Nambari hiyo huweza kupotosha kwa sababu watengenezaji huhesabu kila tundu la kuingiza sauti. Chaneli ya stirio, yenye upande wa kushoto na wa kulia, huhesabiwa kuwa mbili. Mfano ni miksa ya Yamaha MG10XU. Ina chaneli 10, lakini zinazopokea maikrofoni ni 4 pekee. Sita zilizosalia ni jozi 3 za stirio zinazofaa kinanda, simu au kompyuta.

Chukua mfano wa kikundi cha harusi chenye waimbaji wawili, mshereheshaji mmoja na ngoma moja inayohitaji maikrofoni. Nafasi zote 4 za maikrofoni zimekwisha. Kinanda kitachukua jozi moja, na simu ya kuchezea nyimbo jozi ya pili. Mwimbaji wa tatu akijiunga, hana nafasi. Ndiyo maana ni busara kununua miksa yenye nafasi mbili za maikrofoni zaidi ya zinazohitajika sasa.

Jambo la pili, ambalo wanunuzi wengi hulipuuza, ni jinsi miksa inavyopeleka sauti kwenye kompyuta. Miksa nyingi ndogo zina tundu la USB, lakini si zote zinazofanya kazi sawa. Baadhi, ikiwemo hiyo MG10XU, hupeleka njia mbili tu, kushoto na kulia. Sauti zote hufika kwenye kompyuta zikiwa zimekwisha kuchanganywa. Ngoma ikiwa imemzidi mwimbaji, haiwezekani baadaye kuipunguza bila kuigusa sauti yake pia.

Miksa nyingine hurekodi kila chaneli peke yake. Zoom LiveTrak L-8, kwa mfano, ina nafasi 6 za maikrofoni na hurekodi kila chaneli kwa njia yake kwenye kadi ya SD, hata bila kompyuta. Kikundi kinachotaka kurekodi onyesho zima na kulirekebisha baadaye kinahitaji mashine ya aina hii. Anayerekodi sauti moja baada ya nyingine nyumbani, kwanza gitaa kisha uimbaji, anaweza kutosheka na njia mbili.

Isitoshe, asiyefanya maonyesho kabisa huenda asihitaji miksa. Kiunganishi cha sauti chenye nafasi mbili, kama vile Focusrite Scarlett 2i2, hutosha kwa mtu mmoja mwenye maikrofoni na gitaa.

Tatu ni aina ya maikrofoni. Maikrofoni za kondensa, zinazopendwa studioni kwa kunasa sauti ndogo ndogo, huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwa miksa. Zile za dainamiki, kama Shure SM58 iliyotokea mwaka wa 1966 na ingali inatumika majukwaani kote duniani, hazihitaji umeme huo. Mnunuzi ahakikishe miksa ina swichi ya volti 48 iwapo ana kondensa au anatarajia kuinunua. Vilevile, gitaa la umeme huhitaji tundu lililotengewa gitaa, au kisanduku cha DI katikati, la sivyo sauti yake hufifia.

Kuhusu maonyesho, kuna njia ya ziada iitwayo AUX. Hii humwezesha fundi kupeleka sauti tofauti kwenye spika inayowaelekea waimbaji wenyewe. Pasipo njia hiyo, waimbaji hulazimika kutegemea spika za hadhira, jambo linalofanya wengi watoke nje ya sauti. Mwangwi uliomo ndani ya miksa nao hupendeza jukwaani, lakini wakati wa kurekodi ni heri uzimwe. Ukisharekodiwa pamoja na sauti, hauondoki kwa urahisi.

Ni muhimu pia kufahamu kuwa miksa nyingi ndogo hazina nguvu za kuendesha spika. Hutumiwa pamoja na spika zenye amplifaya ndani yake, au amplifaya hununuliwa kando. Bajeti isiyozingatia hili huishia kwa mashine isiyoweza kutoa sauti ukumbini.

Umeme nao usisahauliwe. Nchini Kenya, umeme wa nyumbani ni wa volti 240. Adapta iliyotengenezewa volti 120 za Marekani pekee huweza kuungua mara tu inapochomekwa. Kwa maeneo ambako umeme hupotea mara kwa mara, mashine kama L-8, inayoweza kutumia betri, ina manufaa yake.

Hatimaye, iwe ni katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi au kwa mtu anayeuza iliyotumika, mnunuzi aende na maikrofoni yake na vipokea sauti vya masikioni. Ajaribu kila tundu. Azungushe kila kitufe taratibu, kwani kinachokwaruza ni dalili ya uchakavu. Kisha aongeze sauti bila mtu kuzungumza na kusikiliza: mvumo mkubwa utasikika pia katika rekodi zake.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Miksa inayomfaa mwimbaji wa peke yake chumbani si ile inayokifaa kikundi cha watu sita. Anayeandika kwenye karatasi idadi ya maikrofoni, ala na spika zake kabla ya kuingia dukani hatashawishika kwa urahisi na nambari kubwa iliyoandikwa kwenye kasha.