Walinzi wa Mwili: Historia ya Saratani na Kinga Katika Ngara na Biharamulo

Maradhi yana historia kama falme zilivyo na historia. Yana mahali yalipoonekana kwanza, njia yaliyopitia, mashahidi walioyatazama, na watu waliolipa gharama ili yajulikane. Lakini historia ya maradhi huandikwa kwa upendeleo. Ugonjwa uuao kwa wiki moja humpata mwandishi wake upesi. Uuao kwa miaka miwili mara nyingi huzikwa pamoja na mgonjwa, bila ya neno kuandikwa.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, katika mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi kabla ya kupewa jina la Kagera katika mwaka wa 1979, ni ushahidi wa maneno haya. Dunia ililijua jina la Ngara mwishoni mwa Aprili 1994, wakati umati mkubwa wa watu wa Rwanda ulipovuka daraja la Rusumo kwa siku chache na kupiga kambi Benaco. Ililijua jina la Biharamulo katika Januari 2025, ilipotangazwa kuwa homa ya Marburg imeingia huko. Watu 10 walihesabiwa kufa kabla ya ugonjwa kutangazwa kwisha katika Machi mwaka huo. Mara zote mbili magari yalikuja, na wataalamu wakaja, kama ilivyopasa. Saratani haikutangaziwa ujio wake kamwe. Hata hivyo, mtu atakaye kujua jinsi binadamu alivyofahamu vita kati ya saratani na kinga ya mwili hawezi kuiacha nchi hii ya Ziwa, maana sehemu kubwa ya elimu hiyo ilipatikana kwa maumivu ya watu wake.

Katika mji wa Biharamulo lipo boma la Wajerumani ambalo kuta zake zingali zimesimama. Boma humzuia adui atokaye nje. Halina nguvu juu ya mwasi aliyezaliwa ndani na kuvaa nguo za askari. Saratani ni mwasi wa namna hiyo. Si mdudu aliyetoka mbali, bali ni chembe ya mwili wenyewe iliyoasi sheria ya kukua na kukoma. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwili unao walinzi wake, chembe nyeupe za damu, ambao kazi yao ni kupambanua kilicho chake na kilicho kigeni. Swali lililowasumbua matabibu kwa zaidi ya karne moja ni hili: Je, walinzi hao waweza kufundishwa kumtambua mwasi?

Katika mwaka wa 1891 mpasuaji mmoja wa New York, William Coley, alianza kuwachoma wagonjwa wa saratani sindano za vijidudu, kwa kuwa alikuwa ameona kwamba mgonjwa aliyeshikwa na homa kali ya ngozi alipona uvimbe wake. Wengine walipata nafuu, wengine walidhurika, na wenzake wengi hawakumsadiki. Mionzi ilipogunduliwa, njia yake ikasahauliwa. Fikira yenyewe haikufa. Ililala, nayo ikaja kuamshwa na mambo mengi, mojawapo likiwa lile lililotokea Kampala.

Katika mwaka wa 1957 Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Mulago, aliitwa kumtazama mtoto mwanamume mwenye uvimbe katika taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Haukupita muda mrefu akamwona Jinja mtoto mwingine mwenye hali hiyo hiyo. Akaanza kuuliza. Katika mwaka wa 1961, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa motokaa maili 10,000 kwa muda wa wiki 10, kutoka Uganda hata kusini mwa bara, akiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali moja: Mmewaona watoto wa namna hii? Majibu aliyatia katika ramani. Ikadhihirika kwamba uvimbe ulikaa katika nchi za joto na mvua, na karibu na Ikweta haukuonekana katika nchi zilizopita kimo cha futi 5,000 hivi juu ya bahari.

Mtu asimamaye juu ya vilima vya Ngara aweza kuisoma ramani hiyo kwa macho yake. Magharibi yake zimeinuka nyanda za Rwanda na Burundi, zilizokuwa upande wa salama. Mashariki nchi hushuka kwa misitu na vichaka vya Biharamulo kuelekea Ziwa Viktoria, ambalo pwani zake zilikuwa upande wa hatari. Kilichotenganisha pande hizo hakikuwa damu ya watu wala chakula chao, bali kimo cha ardhi, na pamoja na kimo, mbu.

Katika mwaka wa 1964 Anthony Epstein na wenzake wa London walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo zilizoletwa kutoka Uganda. Baadaye ilifahamika kwamba virusi hivyo hukaa ndani ya watu wengi ulimwenguni bila ya kuwadhuru, kwa kuwa walinzi wa mwili huvifunga pingu. Malaria irudiayo kila msimu huwachosha walinzi wa mtoto, na pingu hulegea. Huko Mara, upande wa pili wa Ziwa, katika mwaka wa 1977 na miaka iliyofuata, watoto walipewa klorokwini ili ionekane kama saratani hiyo itapungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa, kwa hiyo wataalamu waaminifu hawakudai ushindi. Jambo jingine liliwashangaza madaktari wa Kampala: baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache mno za dawa, kana kwamba dawa ilianza kazi na mwili wenyewe ukaimaliza.

Ushahidi wa pili ulikuwa mchungu zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika Mkoa wa Kagera katika mwaka wa 1983. Pamoja na UKIMWI ilienea saratani ambayo Moritz Kaposi aliieleza huko Vienna katika mwaka wa 1872. Afrika ya Mashariki iliijua saratani hiyo zamani kama ugonjwa wa pole wa wazee. Sasa ikawa kali, ikawashika vijana. Walinzi walikuwa wameuawa, na mwasi aliyekuwa kifungoni akatoka. Na dawa za kupunguza makali ya virusi zilipopatikana, madoa ya wagonjwa wengine yalinywea, kwa sababu walinzi walirudi zamu. Kile ambacho Coley alikibahatisha, mkoa huu ulikithibitisha kwa makaburi.

Sasa tuutazame uvumbuzi unaosifiwa siku hizi, yaani kuitibu saratani kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Nao una historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mwanachuoni Mfaransa, Paul Langevin, aliyetafuta njia ya kuzigundua nyambizi, aliona kwamba mawimbi yake makali huwaua samaki majini. Katika mwaka wa 1942 wataalamu wa New York walionyesha kwamba mawimbi hayo yaweza kukusanywa mahali pamoja na kuchoma nyama ya ndani pasipo kuichana ngozi, kama mtoto akusanyavyo miale ya jua kwa kioo na kuunguza jani kavu. Katika miaka ya 1950 ndugu wawili wa Illinois, William na Francis Fry, waliyatumia katika ubongo. Karne ilipogeuka, Chuo Kikuu cha Michigan kilibuni njia isiyochoma, bali hupasua kwa mapovu madogo mno yanayovimba na kupasuka ndani ya uvimbe. Na katika Oktoba 2023 serikali ya Marekani iliruhusu njia hiyo kutumiwa kwa uvimbe wa ini.

Jambo lililowavuta wanachuoni ni lile lifuatalo. Chembe za saratani zinapopasuliwa, humwaga nje alama zilizokuwa zimefichwa ndani. Walinzi wa mwili huziokota, huzisoma, na yamkini huenda kumtafuta mwasi mahali pengine ambapo sauti haikufika. Katika wanyama wa maabara, uvimbe mmoja ulipopigwa, uvimbe mwingine ulionekana kupungua. Kwa binadamu habari za namna hiyo ni chache bado, wala hazitoshi kuitwa uponyaji. Yeyote amwambiaye mgonjwa vinginevyo anauza matumaini, na bei ya matumaini hayo mara nyingi ni ng'ombe na shamba la migomba.

Je, mwanamke wa Rulenge au wa Nyakahura apata nini katika habari hii? Mitambo ile haiko kwake. Akiugua, huanzia katika zahanati na hospitali za wilaya yake. Ikipasa, hupelekwa Bugando huko Mwanza, safari ambayo ilimlazimu kungoja kivuko katika ghuba ya Ziwa mpaka daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa katika mwaka wa 2025, au hupelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka nyumbani. Wengi hufika wakati mwasi amekwisha kuwa mfalme. Huko hospitalini atakuta chombo cha sauti kimpigacho picha mtoto tumboni. Hicho ni ndugu mpole wa mtambo wa Michigan, na tabibu hodari aweza kukitumia kuuona uvimbe mapema.

Lakini iko zawadi kubwa zaidi ya hiyo. Tangu mwaka wa 2018 wasichana wa Tanzania nzima, wa Ngara na wa Biharamulo wakiwamo, huchanjwa dhidi ya virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi, iliyo mbele ya saratani zote kwa kuwaua wanawake wa nchi hii. Mawimbi ya sauti hujaribu kuwafundisha walinzi baada ya boma kuasi. Chanjo huwafundisha kabla. Haina mlio wala sifa, nayo humalizika kwa dakika moja chini ya mwembe wa shule.

Nchi hii ilitoa watoto wake na vijana wake ili dunia ijue kwamba mwili hupigana na saratani. Elimu hiyo ilipita hapa ikiwa changa, ikaenda mbali, ikakua. Haki ni kwamba irudi nyumbani. Kila msichana achanjwaye leo katika vilima hivi amepokea sehemu ya deni hilo. Na kila mama afikaye Bugando kwa kuchelewa ni hesabu ambayo haijalipwa.