Sunburst

Sunburst ilikuwa bendi ya roki ya Kiafrika iliyoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1970, ambayo heshima yake miongoni mwa wajuzi wa muziki haikuwahi kulingana na pato ililolipata sokoni. Ilizaliwa katika zama zenye dhiki kwa muziki wa namna hiyo, kwani Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, mkoa ambao wakati huo uliikusanya Dar es Salaam pamoja na maeneo ya Kibaha na Kisarawe, alikuwa ameupiga marufuku muziki wa soul, uliohesabiwa kuwa ni tabia ya kigeni. Bendi hiyo, ikiongozwa na sauti ya James Mpungo na gitaa la Hembi Flory Kongo, iliichanganya roki na soul na midundo ya asili ya Kiafrika, ikauita mtindo wake Kitoto. Na mchanganyiko huo, uliofanywa kwa ujasiri na ustadi, ndio ulioitenga na bendi nyingi za dansi za wakati wake.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri, hivyo wanamuziki wake walitegemea studio za Radio Tanzania na viwanda vya Nairobi. Albamu ya pekee ya Sunburst, *Ave Africa*, ilitoka Zambia mwaka 1976, mbali na hadhira iliyoilea. Mwaka 2016 kampuni ya Strut iliitoa upya albamu hiyo, pamoja na santuri ndogondogo na rekodi za redioni za tangu 1973.