Herufi ŋ: Kutoka Taipureta hadi PDF

Historia ya uandishi wa lugha za Kiafrika ni historia ya vyombo vya kuchapia pia. Mnamo 1930, Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, London, ilitoa upya mapendekezo yake ya tahajia, yakiwemo ya herufi ŋ. Kiswahili hakikuipokea, kilibaki na ng', ambayo taipureta ya kawaida iliweza kuiandika. Dimmendaal naye, katika sarufi yake ya Kiturkana ya 1983, alitumia ŋ. Hivyo Burat, Isiolo, ambako lugha zote mbili husikika, sauti moja ina sura mbili katika maandishi.

Ujio wa PDF mwaka 1993 haukuliondoa tatizo hili, bali uliligeuza. Faili huweza kubeba maumbo ya herufi ndani yake. Lakini programu isipoongezewa fonti yenye ŋ, aghalabu hubaki kisanduku kitupu. Ngano iliyonukuliwa kwa uangalifu hupoteza sauti, na mhakiki husoma pengo. Kwa hiyo, kuchagua fonti si kuupamba ukurasa tu. Ni sehemu ya kuihifadhi matini yenyewe.