Pekupeku kwa Hiari

Kwenye kurasa za afya kuna neno linalozunguka siku hizi: ethingi, wengine husema graundingi. Linamtaka mtu avue viatu, akanyage nyasi, udongo au mchanga kwa muda, apate utulivu na usingizi mzuri. Neno limetoka kwenye umeme. Mmarekani Clint Ober, aliyefanya kazi katika televisheni ya kebo, alijua kwamba kebo huunganishwa na ardhi, akajiuliza kama mwili nao haunufaiki na muungano huo. Kitabu alichoandika na wenzake kilitoka mwaka 2010.

Mafundi wetu tayari wana waya wa ethi, kwa hiyo ni rahisi kusema "kujiunga na ardhi" na kuendelea na safari. Nalikataa jina hilo. Anayelitumia ameshakubali kwamba kinachomfaa ni elektroni zinazopanda kutoka udongoni, ilhali tafiti za jambo hilo ni ndogo, na baadhi ya watafiti wana maslahi katika bidhaa zinazouzwa kwa jina la ethingi. Desturi yenyewe ni kongwe kuliko nadharia. Karne ya 19, padri Sebastian Kneipp wa Bavaria, Ujerumani, aliwaagiza wagonjwa watembee bila viatu kwenye nyasi zenye umande, na tiba yake ilisimama juu ya maji na baridi.

Kiswahili kina neno lake: pekupeku. Ugumu wake unaonekana ukilipeleka Ikutha, Kitui Kusini, ng'ambo ya mto Athi ukitoka Kibwezi. Huko mtoto anayekwenda shule pekupeku hajachagua siha, amekosa viatu. Mzazi aliyejinyima ili anunue akala za mpira wa gari hawezi kuambiwa ghafla kwamba kuzivua ndiyo afya. Istilahi isiyobeba hiari humtukana mtu huyo. Ndiyo maana napendekeza "kutembea pekupeku kwa hiari", ingawa ni ndefu.

Na kuna kitu cha kweli cha kuhiari. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliolinganisha nyayo za watu wa Kenya na za Wamarekani. Waliozoea kwenda bila viatu walikuwa na sugu nene zaidi, lakini sugu hizo hazikupunguza uwezo wa unyayo kuhisi ardhi. Soli nene ya kiatu hulinda pia, ila humnyima mtu hisia hiyo. Mguu mtupu hupima mteremko, ukali wa jiwe na ulaini wa mchanga, na misuli yake hufanya kazi. Mchanga wa mito mikavu ya Kitui, ule ule unaofukuliwa kupata maji, ni mahali pazuri asubuhi. Saa sita mchana unaunguza.

Kuna pia yanayoingilia mguuni. Miiba ya migunga hutoboa hata akala. Kifutu hulala njiani bila kusogea, rangi zake zikimficha. Kidonda huweza kuingiza pepopunda, na minyoo ya safura hupenya ngozi penye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Funza ni mgeni kwetu: alivuka bahari kutoka Amerika, akafika Angola mwaka 1872, kisha akalivuka bara hadi pwani ya mashariki. Mababu waliotembea pekupeku kabla ya hapo hawakumjua, basi mfano wao hautoshi kutuambia kwamba udongo wa leo ni salama.

Kwa hiyo fasili ninayoitaka kamusini ni hii: kutembea pekupeku kwa hiari ni kukanyaga ardhi bila viatu kwa muda uliochaguliwa, mahali palipokaguliwa, kwa ajili ya siha. Hailazimu kutaja umeme. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi hahusiki na mwaliko huo: anaweza kukanyaga mwiba asubuhi, akaja kuona damu jioni. Yeye avae viatu vilivyofungwa, hata ndani ya nyumba.