Vyembe vya Mishale vya Mawe: Namna Vilivyoundwa na Wajibu wa Anayevikuta

Mwananchi anayelima au kuchimba mchanga kando ya Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, huweza kukuta vibanzi vya mawe meupe vyenye urefu wa sentimita mbili au tatu. Wengi huvipita wakidhani ni kokoto. Baadhi ni kazi ya mikono ya watu.

Katika pango la Mumba, lililochimbwa na Ludwig na Margit Kohl-Larsen miaka ya 1930, vibanzi vya namna hiyo vimepatikana katika matabaka yenye umri unaozidi miaka 45,000. Vingi ni vya kwatzi, jiwe gumu lililo tele nchini. Fundi alisimamisha bonge la kwatzi juu ya jiwe bapa lililokuwa fuawe, akaligonga kwa jiwe la mviringo. Vibanzi vyenye makali vikaruka. Kwatzi ni kaidi. Haipasuki kwa unyoofu kama obsidiani, kioo cheusi cha volkano, hivyo mabaki yalikuwa mengi kuliko zana. Kibanzi kilichofaa kiligongwagongwa ukingo mmoja hadi ukawa butu, kikapata umbo la mwezi mwandamo. Ukingo butu ulishikwa na gundi. Wenye makali ukabaki nje.

Wano, gundi na kano huoza, hivyo ufungaji huchunguzwa zaidi kwa majaribio. Ncha ya wano hupasuliwa, utomvu wa mti huyeyushwa motoni pamoja na nta ili usiwe mwepesi kuvunjika, chembe hupachikwa, kisha hufungwa kwa ukano uliolowekwa. Ukano ukikauka hujikaza wenyewe. Si kila kibanzi kilikuwa chembe. Vingine vilitiwa mipini vikawa visu.

Kwa kuwa jiwe peke yake ndilo hubaki, mahali lilipolala ni nusu ya ushahidi. Vipande vya obsidiani vya Mumba vimetambuliwa kuwa vilitoka eneo la Naivasha, Kenya, umbali wa kilomita zipatazo 300. Kipande kilichookotwa na kuwekwa kabatini kisingeeleza hayo.

Sheria ya Mambo ya Kale (Sura 333) hulinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na huzuia kuvisafirisha nje ya nchi bila kibali. Anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa kwa uongozi wa serikali ulio karibu au kwa Idara ya Mambo ya Kale. Inashauriwa aviache vilipo, asivioshe, na asimamishe uchimbaji wa eneo hilo tu. Mabaki yasiyo na umbo nayo yasitupwe, kwani huonyesha kwamba fundi alikaa hapo akifanya kazi.