Tembe, Tofali na Bati: Mabishano juu ya Nyumba Bora katika Nyanda za Juu Kusini

Nyumba iliyokuja kuitwa ya kisasa katika mikoa ya Iringa na Mbeya, yaani nyumba ya pembe nne yenye kuta za matofali, madirisha mapana na paa la bati, ilijipatia sifa kwanza kwa kulinganishwa na tembe, na ulinganisho huo haukuwa wa haki. Tembe ni nyumba ndefu na fupi kwa kimo, ambayo kuta zake ni za miti iliyokandikwa udongo, na paa lake, lililo karibu kuwa bapa, hujengwa kwa boriti na fito, kisha nyasi, na juu yake udongo ulioshindiliwa. Vyumba vyake huzunguka ua ambamo ng'ombe hulala salama. Wahehe na Wasangu waliijenga katika nchi yenye mvua chache, vita na wizi wa mifugo, na kwa mahitaji hayo ilifaa sana: haikushika moto kwa urahisi, ilizuia joto la mchana na baridi ya usiku, na haikuhitaji kitu kilichonunuliwa.

Haikufaa kila mahali, hata hivyo. Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, ambako mvua huweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka, paa la udongo lingeporomoka, na Wanyakyusa walijenga kwa mianzi, udongo na paa la nyasi lenye mteremko mkali. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyefika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alizisifu nyumba hizo na usafi wa vijiji vyao. Tembe haikupata sifa kama hizo kwa wageni wengi, ambao waliliona giza lake na moshi wake kabla ya kuuliza ilijengwa kwa sababu gani.

Lakini lawama moja ilikuwa na msingi. Papasi, kupe laini wanaojificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hueneza homa ya vipindi, na Robert Koch, mtaalamu wa bakteria kutoka Ujerumani, aliichunguza homa hiyo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905 na kuonyesha kwamba vimelea vyake hupatikana hata katika mayai ya papasi. Tangu hapo hoja ya afya ilikuwa na uzito wake, ingawa mara nyingi ilitumiwa kuikataa nyumba nzima pale ambapo kuirekebisha sakafu kungetosha.

Baada ya uhuru mabishano yalihamia serikalini. Operesheni Vijiji, iliyoenea nchi nzima kati ya mwaka 1973 na 1976, iliwatoa wakulima katika makazi yaliyotawanyika na kuwapanga katika vijiji vilivyonyooka kandokando ya barabara, na tembe yenye ua mpana haikuingia kwa urahisi katika viwanja hivyo. Ni jambo la kutafakariwa, basi, kwamba mkosoaji mkali wa nyumba ya kisasa alikuwa Rais Julius Nyerere mwenyewe: mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, aliwalaumu wananchi wanaosubiri saruji na bati, akaona kuwa ni ugonjwa wa fikra kuidharau nyumba ya matofali ya kuchoma na vigae kwa sababu tu udongo wake si wa Ulaya.

Kuhusu ukuta, Nyanda za Juu zilimthibitishia hoja yake. Ufundi wa kuchoma matofali, uliofahamika kwa majengo ya misheni kama Rungwe, iliyoanzishwa na Wamoravian mwaka 1891, ulienea vijijini: udongo hufyatuliwa kwa kibao wakati wa kiangazi, matofali hukaushwa chini ya nyasi, kisha hupangwa kuwa tanuru lenye matundu ya moto, likakandikwa kwa nje na kuchomwa kwa kuni kwa siku kadhaa. Kuhusu paa, hata hivyo, Nyerere aliwahukumu wananchi kwa ukali uliozidi. Kigae ni kizito, hudai mbao nene na mteremko wa kutosha, na huvunjika njiani. Bati hubebwa kwa urahisi, humwondolea mwenye nyumba kazi ya kuezeka upya kwa nyasi, na humpatia mama wa nyumba maji ya mvua mlangoni. Kelele zake na baridi yake ya usiku ni gharama ambayo watu waliikubali wakijua.

Gharama iliyojificha zaidi ni ya kuni, kwa kuwa tanuru hula miti mingi, na ndiyo sababu wataalamu wa serikali wanahimiza matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa udongo na saruji kidogo bila kuchomwa. Tofali hilo ni zuri, ila linahitaji mashine na saruji ya kununua, ilhali kibao cha kufyatulia huchongwa na seremala wa kijijini na udongo huchimbwa bondeni.